Maandamano Yakitangazwa Johannesburg: Namna ya Kujiandaa Nyumbani na Kazini

Mei 2008 nililala siku tatu kwenye uwanja wa kituo cha polisi cha Jeppe, mashariki ya katikati ya Johannesburg, pamoja na maelfu ya watu waliofukuzwa makwao katika mashambulizi dhidi ya wageni. Nilikuwa na mfuko mmoja wa Rambo. Ndani yake mlikuwa na mkasi wa kukatia kitambaa, fulana mbili na rimoti ya televisheni. Pasipoti niliiacha chini ya godoro. Nilikuwa na kama dakika tano za kutoka chumbani, na katika dakika hizo mkono wangu ulishika rimoti.

Tangu hapo nimeziona fujo kama hizo za 2015, nimeziona za 2019, na sasa tunaishi na maandamano ya vikundi vinavyopinga wageni, kama Operation Dudula na March and March. Kila mara nimewatazama waliopita salama bila kupoteza kila kitu, na nimeona wanafanana kwa jambo moja: walikuwa wameshaamua mapema. Nani aondoke, kwa dalili gani, kwa njia ipi, na kitu gani kiachwe. Siku ya fujo akili haipo. Unafanya lile ulilokwisha kuliamua siku ya utulivu. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko Yeoville, Berea, Rosettenville na Malvern, ndugu zetu wa Durban na Cape Town, na hasa wale wenye saluni, karakana na maduka ambayo watu wengine wanayategemea kwa mkate wao.

Hatua ya kwanza: jua unachokabiliana nacho

Habari hufika kwa bango kwenye kundi la WhatsApp. Tarehe, saa, mahali pa kukutania. Ndani ya dakika kumi limerushwa mara hamsini, na kila anayelirusha anaongeza lake. Kabla ya kufanya lolote, uliza maswali mawili: nani ameitisha, na yanapita wapi?

Kwa Sheria ya Mikusanyiko ya 1993, mkusanyiko wa watu zaidi ya 15 barabarani unatakiwa kutolewa taarifa kwa manispaa siku 7 kabla. Taarifa ikija chini ya saa 48 kabla, manispaa inaweza kuuzuia. Kwa hiyo maandamano rasmi yana mtu aliyesaini, yana njia, yana saa ya kuanza na kumaliza, na polisi wanayajua. Johannesburg mara nyingi huanzia Mary Fitzgerald Square pale Newtown, au Pieter Roos Park, au Beyers Naudé Square. Ofisi ya diwani wa kata yako inaweza kukuambia. Mlinzi wa jengo lenu la kazini naye huwa na habari, kwa sababu kampuni za ulinzi hupeana taarifa mapema.

Mimi naogopa zaidi yale yasiyo na mwenyewe. Maandamano mengi yenye njia na polisi huishia kwa watu kukabidhi waraka wao na kutawanyika. Hatari yake iko kwenye barabara wanayopita, na katika ile saa mbili tatu za kutawanyika, makundi madogo yanaporudi mitaani yakiwa bado yamechemka. Lakini vurugu za Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, zilizoanza usiku wa tarehe 11 Mei 2008 hazikuombewa kibali na mtu. Za Septemba 2019 pia zilitoka mtaani tu. Ukisikia "Jumatatu kila kitu kinafungwa" na hakuna anayejua nani kasema, hiyo ndiyo ya kuchukulia kwa uzito mkubwa.

Na video usirushe. Mwaka 2019 picha za zamani na za nchi nyingine zilisambazwa kana kwamba ni za siku ile. Hasira ilivuka mipaka hadi Lubumbashi, ambako waandamanaji walivunja vioo vya ubalozi mdogo wa Afrika Kusini na maduka yakaporwa. Video ikikufikia, mpigie mtu anayeishi mtaa huo. Mmoja tu. Akikwambia anaona nini kwa macho yake, una habari.

Hatua ya pili: karatasi

Kituo chochote cha polisi hukugongea muhuri nakala za karatasi zako bila malipo. Nenda siku ya kawaida, asubuhi, na nakala mbili mbili za kila kitu: pasipoti yenye viza au kibali, karatasi ya hifadhi ya kifungu cha 22 au ya ukimbizi ya kifungu cha 24, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, mkataba wa nyumba, cheti cha usajili wa biashara. Nakala moja itembee nawe, nyingine ikae kwa mtu unayemwamini nje ya mtaa wako. Kisha piga picha kila ukurasa ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Simu inaweza kuporwa. Barua pepe utaifungua kwenye simu ya mwenzako.

Wenye maduka madogo ya mtaani, yale ya spaza, hakikisheni usajili. Novemba 2024 Rais Ramaphosa aliagiza maduka yote ya aina hiyo yasajiliwe, baada ya watoto kufa kwa kula vyakula vyenye sumu ya kuulia wadudu, na muda ukaongezwa hadi mwisho wa Februari 2025. Duka lisilo na usajili ndilo la kwanza kunyooshewa kidole.

Hapa kuna jambo ambalo wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi hawaambiwi. Mtanzania au Mkenya mwenye pasipoti ni vyema ajiandikishe kwenye ubalozi wake Pretoria, maana siku ya kuondoshwa watu orodha huanzia huko. Malawi ilileta mabasi kuwachukua watu wake Durban 2015. Lakini mwenye hadhi ya ukimbizi asikimbilie ubalozi wa nchi aliyoikimbia. Sheria zilizoanza kutumika Januari 2020 zinasema kutafuta huduma za kibalozi za nchi yako kunaweza kukupotezea hadhi hiyo. Wewe milango yako ni UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, Lawyers for Human Rights, wanasheria wa haki za binadamu, na Legal Aid South Africa, watoa msaada wa kisheria, ambao simu yao ya ushauri wa bure ni 0800 110 110. Ziandike namba hizi kwenye karatasi kabisa, pamoja na 10111 ya polisi, 10177 ya ambulensi, na 112 ambayo hupigwa kutoka simu yoyote ya mkononi.

Hatua ya tatu: begi nyuma ya mlango

Begi moja la mgongoni kwa kila mtu anayeweza kulibeba. Nakala za karatasi, fedha taslimu kidogo za noti ndogo ndogo, dawa, maji, blanketi jepesi, chaja na pawabenki, nguo za ndani, pedi, maziwa ya mtoto. Kule Jeppe tulikuwa salama dhidi ya mapanga, lakini polisi si nyumba ya wageni: Mei ni baridi Johannesburg, tulilala nje, na siku ya kwanza chakula kililetwa na watu wa makanisa. Kwa hiyo blanketi na maji si anasa.

Anayemeza dawa kila siku, ziwe za presha, za kisukari au za kufubaza virusi, aende kliniki wiki moja kabla ya tarehe iliyotangazwa aombe dozi ya miezi miwili au zaidi. Mwaka 2025 milango ya kliniki na hospitali kadhaa ilizingirwa na watu wanaodai kitambulisho. Sheria iko upande wako: Katiba inasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura, na Aprili 2023 mahakama ilithibitisha kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 6 hutibiwa bure bila kujali uraia wala karatasi. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kubishana sheria getini. Aliyekaribia kujifungua achague hospitali mbili, na awe na namba ya dereva wa kumpeleka usiku.

Hatua ya nne: jirani

Hili ndilo nimelipa muda mwingi zaidi maishani mwangu hapa, na sijutii hata siku moja.

Mwaka 2008 watu walisimamishwa njiani wakanyooshewa kiwiko: hiki kinaitwaje kwa Kizulu? Jibu ni *indololwane*. Aliyeshindwa alipigwa. Na walioshindwa hawakuwa wageni tu. Kati ya watu 62 waliouawa mwezi ule, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wako Washangaani, Wavenda na Wapedi waliohesabiwa ugeni kwa rangi au kwa lafudhi. Kwa hiyo usijifunze Kizulu ukidhani ni ngao ya kujibia mtihani barabarani. Jifunze kwa sababu siku moja utahitaji kuongea na mwanamke wa mlango wa pili, na yeye ndiye atakayesema neno ambalo wewe ukilisema halisikiki.

Septemba 2019, ghorofa ya chini ya jengo letu alikuwa akiishi bibi mmoja wa Kizulu tuliyemwita Gogo, kama wote wanavyowaita bibi zao hapa. Mke wangu alikuwa akimpelekea chapati Jumapili, naye akimsukia mtoto wa jirani yetu Mkongo kofia za sufu. Hakuna lililopangwa. Ile jioni vijana walipofika getini wakiuliza vyumba vya wageni, Gogo alitoka na kiti chake cha plastiki akakaa katikati ya geti. Akawauliza mmoja mmoja: wewe ni mtoto wa nani? Walisimama kama robo saa, wakaondoka. Sisi tulikuwa juu gizani, watu kumi na moja chumba kimoja, watoto tumewaziba midomo kwa mikono.

Usimtegemee Gogo wako awe ngome. Huna haki ya kumtanguliza mtu mbele ya panga kwa ajili yako. Unachoweza kumwomba jirani ni hiki, na kiombe mapema, uso kwa uso: akisikia neno mtaani akupigie, akuhifadhie begi au karatasi, mtoto wako apitie kwake akikuta kwenu kumefungwa. Wengi watakubali. Wanajua wanaoandamana ni akina nani, mara nyingine ni watoto wao wenyewe, na wanajua kinachowasukuma: nchi ambayo zaidi ya asilimia 30 ya nguvu kazi haina ajira. Kikao cha mtaa kikiitwa kuhusu maji au takataka, nenda. Changia msiba. Anayekufahamu jina ni vigumu kukuita kwa lile neno la dharau wanalotuita sisi wageni.

Kisha pangeni njia mbili za kutoka mtaani, moja isiyogusa barabara kubwa, na mahali pawili pa kukutania, pa karibu na pa mbali. Watoto wakariri namba moja ya simu kwa kichwa. Shule iandikiwe barua inayomtaja mtu wa pili anayeruhusiwa kuwachukua.

Hatua ya tano: kazini

Karakana ninayofanyia kazi hutengeneza sofa. Tuko watu kumi na wanne: Waafrika Kusini sita, na sisi wengine wa Kongo, Malawi, Zimbabwe na Tanzania. Karakana ya kabla ya hii ilikuwa karibu na Jules Street, na 2019 ilitupata bila mpango. Meneja alisema kila mtu aamue mwenyewe. Maneno hayo yanasikika kama uhuru, lakini maana yake ilikuwa kila mtu alisubiri mwenzake aanze kuondoka ili asikatwe siku. Tulitoka moshi ukiwa umeshaonekana, na basi dogo la kwanza halikutaka kutuchukua.

Kwa hiyo jambo la kwanza kazini ni kumteua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufunga, na msaidizi wake, na kuziandika dalili. Za kwetu sasa ni hizi: barabara kuu ikifungwa, duka jirani likishusha shata, au simu kutoka kwa mlinzi wa kona. Ikitokea moja, tunafunga, hakuna mjadala. La pili ni malipo. Kanuni ya kawaida hapa ni kwamba asiyefanya kazi halipwi, ndiyo maana watu huganda mahali pa hatari. Kubalianeni mapema: siku ya likizo, saa za kufidia, au nusu siku. Mwajiri anayeweza kulipa na alipe. Ni gharama ndogo kuliko mazishi.

Mwajiri asibandike tangazo mlangoni kwamba "wageni wasije kesho." Funga kwa wote au punguza saa kwa wote. Ukiwatenga mbele ya wenzao, umeshawaonyesha wanaowatafuta nani ni mgeni. Orodha ya wafanyakazi na nakala za vibali zifungiwe, zisikae mapokezi. Kama kuna mfanyakazi asiye na kibali halali, mwajiri anavunja sheria ya uhamiaji na suala hilo lina njia zake. Halimalizwi kwa kumsukuma nje siku ya maandamano. Tangu hukumu ya mahakama ya kazi ya 2008, hata mfanyakazi wa namna hiyo anaweza kupeleka malalamiko yake CCMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi.

Wakija kudai kuona karatasi, nani afungue? Tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliizuia Operation Dudula kudai pasipoti au kitambulisho cha mtu, kuingilia ajira za wageni na maduka yao, na kuwazuia watu kliniki na shule. Wenye mamlaka ya kudai karatasi ni ofisa uhamiaji na askari polisi. Lijue hilo, mwajiri alijue, na nakala ya hukumu iwepo ofisini. Ila usiisome kwa kundi lenye hasira. Kwetu tumemchagua mama mmoja mwenyeji, mtulivu, mwenye sauti ya taratibu, kwa hiari yake na kwa sharti kwamba anaongea akiwa ndani ya geti. Akipewa waraka anaupokea, anasaini kuwa umepokelewa, anaahidi kuufikisha kwa mwenye kampuni. Habishani. Wakati huo mwingine yuko kwenye simu na polisi.

Akija askari au ofisa wa uhamiaji, hapo mambo ni mengine: usikimbie, toa nakala, sema halisi iko wapi.

Upande wa vitu, angalia kinachowaka. Kwetu ni sponji, gundi na tina (thinner). Sponji ya sofa ikishika moto haizimiki kwa ndoo, na moshi wake unaua kabla ya moto wenyewe. Siku mbili kabla tunahamisha marobota ya sponji kutoka mbele kwenda stoo ya nyuma, madumu ya tina yanafungiwa kwenye kabati la chuma mbali na mlango. Saluni zina spriti na makopo ya dawa za nywele. Migahawa ina mitungi ya gesi. Magari yageuzwe yatazame geti. Fedha ziende benki jana yake. Mlango wa nyuma ufunguke kwa ndani bila ufunguo, na ujaribiwe, maana nimeona milango ya nyuma iliyozibwa kwa masanduku.

Na bima. Bima ya kawaida ya biashara hapa hailipi hasara ya ghasia. Inayolipa ni Sasria, kampuni ya serikali iliyoanzishwa 1979, na huwa inaambatanishwa na bima yako ya kawaida kwa nyongeza ndogo. Baada ya ghasia za Julai 2021 wako waliofungua tena kwa sababu ya nyongeza hiyo, na wako waliogundua siku ile kwamba hawakuwa nayo. Mpigie wakala wako leo umuulize swali moja: nina Sasria? Kisha zunguka dukani na simu ukirekodi video ya kila rafu na kila mashine, na risiti zote uzipige picha.

Siku yenyewe

Simu ijae chaji tangu usiku. Kama si lazima kutoka, usitoke. Kama ni lazima, pita mbali na ile njia, na usivae fulana ya bendera yoyote. Usiende kutazama. Usirekodi video dirishani, taa ya simu inaonekana. Kundi la WhatsApp la jengo libaki la taarifa tu: mahali, saa, umeona au umesikia. Kila baada ya saa mbili, mtu mmoja aliyeteuliwa awahesabu watu kwa majina.

Dalili uliyoiandika ikitokea, ondoka. Hapa ndipo tunapopotezana. Mwenye duka anajiambia nisubiri kidogo, nishushe shata, nitoe friji, nitoe mzigo wa wiki hii ambao sijamlipa mwenyewe. Mwenzetu mmoja Malvern, fundi wa simu, alirudi kuchukua sanduku la simu za wateja. Alipigwa mpaka leo mkono wake wa kulia haushiki bisibisi. Wateja wale wale walimwambia hospitali kwamba simu wangemsamehe.

Yakishapita

Usirudi peke yako na usirudi usiku. Kabla ya kufagia, piga picha kila kitu kilivyo. Nenda polisi ufungue kesi na uchukue namba yake. Bila hiyo bima haiendi mbali. Wajulishe Sasria kupitia wakala mapema iwezekanavyo. Karatasi zikiungua, afidaviti (hati ya kiapo) ya polisi, nayo bure, ndiyo ya kuanzia kuomba nyingine, pamoja na zile nakala ulizoacha kwa mtu. Kama ulipigwa, fomu ya daktari ichukuliwe siku hiyo hiyo, hata kama unajisikia mzima.

Kazini, kaeni pamoja wote kumi na wanne kabla mashine hazijawashwa. Mwenyeji aliyenyamaza na mgeni aliyeogopa watafanya kazi meza moja, bora waongee. Mtoto aliyesikia kelele za usiku ule mwalimu wake aambiwe. Wa kwetu alirudi kukojoa kitandani mwezi mzima, na mwalimu alidhani ni uvivu wa kusoma.

Begi usilipangue. Toa maziwa yaliyopita tarehe, badilisha dawa, chaji pawabenki, hesabu zile noti, angalia kama viatu vya mtoto bado vinamtosha, kisha lirudishe nyuma ya mlango.